Kisanduku cha kuoteshea mimea chupani: kilivyofanya kazi katika joto la Malindi

Ni kisanduku cha kadibodi, ukubwa wa katoni ya viatu, kinachouzwa mtandaoni kwa walimu wa biolojia. Juu yake pameandikwa ahadi mbili. Ya kwanza, kwamba darasa la sekondari litaotesha mimea kutokana na vipande vidogo vya tishu bila kuhitaji maabara kubwa. Ya pili, kwamba miche itakayopatikana haitakuwa na magonjwa. Ahadi ya kwanza ni kweli, mradi ujue pa kurekebisha maelezo. Ya pili si kweli, na kwa pwani hii ambako muhogo haukosi jikoni, mwalimu heri alijue hilo kabla hajaisoma mbele ya wanafunzi. Jina la mtengenezaji tunaliacha; visanduku vya namna hii hutofautiana nembo, yaliyomo ni yale yale.

Ndani mna paketi moja ya unga wa MS gramu 4.43, ya kutengenezea lita moja ya chakula cha mmea. Agari gramu 7. Sukari gramu 30. Vichupa viwili vya homoni za mimea, BAP ya kuchochea machipukizi na NAA, aina ya oksini, ya kuchochea mizizi, kila kimoja mililita 5 zenye miligramu 1 kwa kila mililita. Vibano viwili, visu vitatu vya kutumia na kutupa, bomba la sindano la mililita 1, karatasi za kupimia pH, glavu, na boksi la plastiki angavu la kukunja lenye matundu mawili ya kupitishia mikono. Bahasha ya pili ni ya kutoa DNA kwenye matunda.

Unacholipia hasa ni vile vitu vitatu vya mwanzo na mwisho wa orodha ya kemikali: unga wa MS na homoni mbili. Vingine vyote vipo madukani Malindi. Sukari ni sukari, ile nyeupe ya chai inatosha. Agari ndiyo chaina grasi ya kugandishia faluda, ingawa ya dukani huja kwa nyuzi na nguvu yake hubadilika, kwa hiyo ipime kwanza kwa maji matupu uone inaganda vipi. (Jelatini usiitumie. Mbali na suala la halali, huyeyuka karibu na nyuzi 35, na katika stoo ya bati mwezi wa tatu itageuka mchuzi. Agari ikishaganda haiyeyuki mpaka ikaribie nyuzi 85.) Boksi la kukunja laweza kutengenezwa kwa kontena kubwa la plastiki angavu lililotobolewa ubavuni.

Lakini unga wa MS huwezi kuuchanganya mwenyewe shuleni. Toshio Murashige na Folke Skoog wa Chuo Kikuu cha Wisconsin waliuchapisha mwaka 1962 walipokuwa wakitafiti tishu za tumbaku, na hadi leo ndio unaotumika zaidi. Lita moja ina miligramu 1,650 za nitrati ya amonia na miligramu 1,900 za nitrati ya potasiamu. Hizo mizani ya shule inazipima. Ila ina pia miligramu 0.025 tu za kloridi ya kobalti na kiasi hicho hicho cha salfeti ya shaba. Hapo mizani ya shule inakaa kimya. Kwa paketi iliyopimwa tayari, bei haina ubishi.

Kasoro ya paketi hiyo ni kuwa moja. Unga wa MS hunyonya unyevu hewani, na hewa ya Malindi haina uhaba wa unyevu. Ikifunguliwa asubuhi, jioni unga umeshikana. Baada ya wiki ni jiwe. Wala usijaribu kutumia nusu leo na nusu muhula ujao, kwa sababu chumvi zake si za uzito mmoja na hujitenga paketini, hivyo nusu ya kwanza haitakuwa sawa na ya pili. Ifungue siku ya kazi, iishe siku hiyo.

Maji ndiyo yanayowaangusha wengi. Maelezo yanasema "tumia maji ya bomba yaliyochujwa", maneno ya mtu asiyewahi kunywa maji ya kisima cha pwani. Visima vingi vya hapa vina chumvi na chokaa: sodiamu ya ziada huudhi mmea, na kalsiamu ya ziada hushikana na fosfeti ya MS ikatuama chini kama vumbi jeupe. Maji ya mfereji yanayotoka Baricho ni afadhali, ila yana klorini na wingi wa chumvi zake hujui. Nunua maji ya betri kwenye kituo cha petroli. Soma chupa mara mbili: unataka maji yaliyokenekwa, si asidi ya betri, na viwili hivyo hukaa rafu moja. Maji ya mvua yaliyokingwa baada ya paa kuoshwa na mvua ya kwanza nayo yanafaa.

Anza na maji mililita 800, koroga unga wa MS hadi uyeyuke, tia sukari, ongeza maji hadi lita moja. Kisha pima pH. Inatakiwa 5.7 hadi 5.8. Karatasi zilizomo kisandukuni zinapima kuanzia 1 hadi 14, na kwa rangi zake huwezi kutofautisha 5 na 6, jambo ambalo ndilo unalolitafuta. Hizo zitupe, au zitumie kwa somo la asidi na besi. Tafuta karatasi za masafa mafupi, kati ya 4.5 na 7, au kipimo cha kalamu. Rekebisha kwa matone ya sodiamu haidroksaidi hafifu kutoka maabara ya kemia. Ukipitiliza, rudisha kwa matone ya asidi hidrokloriki hafifu. Hili si la kujipamba kisayansi: chini ya 5 agari hukataa kuganda baada ya kupikwa, na juu ya 6 huwa ngumu na madini ya chuma huanza kutuama.

Gawa lita hiyo mara tatu kabla ya kutia agari. Mililita 400 bila homoni, kwa ajili ya muhogo. Mililita 300 zenye BAP nyingi na NAA kidogo. Mililita 300 za mwisho kinyume chake. Kwa sehemu ya pili weka mililita 0.3 za BAP, ambayo inakupa miligramu 1 kwa lita. NAA inahitajika mara kumi pungufu, na bomba la sindano halipimi mililita 0.03, kwa hiyo izimue kwanza: mililita 1 ya NAA na mililita 9 za maji, kisha chukua 0.3 ya mchanganyiko huo. Sehemu ya tatu, geuza. Maelezo ya kisanduku yanataka homoni zitiwe baada ya kupika, kupitia kichujio ambacho hata hawakukiweka. Achana nayo. BAP na NAA zinastahimili joto la presha. Zisizostahimili ni homoni nyingine kama IAA na jibereli, na hizo hazimo.

Agari gramu 7 kwa lita ni chini kidogo kwa joto letu. Ongeza gramu moja ya chaina grasi ukatekate vipande vidogo. Ichemshe na kukoroga mpaka kioevu kiwe angavu ndipo umimine, mililita 40 kwa kila chupa ya jemu. Anayemimina kabla agari haijayeyuka hupata chupa za kwanza maji matupu na za mwisho mawe. Utapata chupa 24: kumi za muhogo, saba na saba za homoni.

Kupika. Sufuria ya presha ya nyumbani yenye kizito juu ya mfuniko inatosha, na Malindi ina bahati ambayo Nairobi haina: iko usawa wa bahari, hivyo paundi 15 za sufuria hapa hukupa nyuzi 121 bila kuongeza dakika. Legeza vifuniko robo mzunguko, funika kwa foili, weka maji ya kina cha vidole viwili na kitambaa chini ili chupa zisipasuke. Hesabu dakika 20 kuanzia mvuke uanze kutoka mfululizo, si kuanzia ulipowasha jiko. Usifungue mvuke kwa haraka. Presha ikishuka ghafla chupa zote huchemka na kumwaga nusu ya chakula. Ukizidisha muda, sukari huungua ikawa ya hudhurungi na pH huanguka. Katika mzunguko huo huo pika chupa nne za maji ya betri, utazihitaji kwa kusuuzia, pamoja na vibano vilivyofungwa kwa foili.

Sasa kosa kubwa la kijitabu. Kimeandika "blichi asilimia 10, dakika 10". Kimeandikiwa nchi ambako blichi ya dukani ina klorini ya asilimia 5 hadi 8. Yetu nyingi ni karibu 3.5, tena imekaa dirishani dukani ikipigwa na jua, na joto huimaliza klorini taratibu. Sehemu moja kwa kumi ya blichi hiyo ni kuviosha vipande, si kuviua vijidudu. Tumia sehemu moja ya blichi kwa tatu za maji, chupa mpya ya tarehe ya karibuni, na tone moja la sabuni ya vyombo ili dawa ishike ngozi ya mmea badala ya kuteleza. Kabla yake chovya vipande sekunde 30 kwenye spiriti ya asilimia 70. Ya asilimia 95 si bora zaidi, kwani hukausha vijidudu kwa nje kabla haijapenya. Izimue kwa mililita 74 za spiriti na 26 za maji. Kisha dakika 12 kwenye blichi ukitikisa, halafu suuza mara tatu kwa yale maji yaliyopikwa, dakika tano kila mara. Ncha za kipande zitakuwa nyeupe, ndivyo inavyotakiwa. Zikate milimita mbili tatu kila upande kabla ya kupanda, maana tishu iliyounguzwa hainyonyi kitu.

Boksi la kukunja ni zuri kuliko lilivyotarajiwa. Kazi yake ni kuzuia hewa isitembee, maana mbegu za ukungu hazirukii, huanguka. Feni izimwe dakika 15 kabla, madirisha yafungwe, kazi ifanywe asubuhi na mapema kabla upepo haujaamka. Picha ya kijitabu inaonyesha taa ya spiriti inawaka ndani ya boksi. Usifanye hivyo hata kidogo. Boksi limepuliziwa spiriti, ni la plastiki, na ndani yake kuna mikono ya mtoto wa watu mwenye glavu za mpira. Taa ikae nje, meza nyingine. Vibano vilivyopikwa kwenye presha havihitaji moto, na vikigusa kitu kichafu chukua kingine.

Cha kupanda. Kijitabu kinapendekeza urujuani wa Afrika, yaani ile saintpaulia ya vyungu vya Ulaya, na kinaiita ua la nyumbani. Kwa msomaji wa Kilifi hilo linachekesha kidogo: asili ya ua hilo ni Usambara na miamba ya chokaa ya kaunti hii hii, upande wa Kaloleni, na huko limebaki haba. Wanafunzi wasitumwe kwenda kulichuma porini. Kwa chupa za homoni koliflawa ya sokoni ni bora: kichwa chake chote ni machipukizi yaliyosongamana, kata kipande cha sentimita moja. Ndani ya siku kumi hivi kipande kwenye BAP nyingi huanza kuwa kijani na kutoa majani madogo, na kile chenye NAA nyingi huelekea kutoa mizizi au uvimbe wa seli zisizo na umbo. Tofauti hiyo ndiyo somo lenyewe. Skoog na Miller waliionyesha mwaka 1957: si homoni moja inayoamua, ni uwiano wa mbili. Mwanafunzi wa Kidato cha Nne aliyekariri habari za oksini na mche kuinamia mwanga, hapa anaiona ikifanya kazi nyingine kabisa.

Kwa chupa zisizo na homoni chukua muhogo. Shina changa la kijani, si lile gumu la kupandia shambani. Kipande cha sentimita moja na nusu chenye jicho moja, jicho litazame juu. Wanafunzi hupindua vipande ndani ya boksi kwa sababu vimefupika na haionekani kichwa kipi, kwa hiyo kata ncha ya chini mshazari na ya juu sawa. Muhogo haudai homoni. Hutoa chipukizi na mizizi wenyewe ndani ya wiki mbili.

Chupa zikae kwenye mwanga wa taa ya LED ya mirija saa 16 kwa siku, au karibu na dirisha lisilopigwa na jua. Jua la moja kwa moja hupika chupa. Joto linalopendeza ni nyuzi 25, na hapo ratiba ya shule inasaidia: muhula wa pili, wakati wa kusi, stoo iliyo upande wa kivuli hukaribia hapo. Muhula wa kwanza, kaskazi ikiisha na joto limekazana, majani hutoka kama kioo, mazito na meupe meupe, kwa sababu ya joto na unyevu uliofungiwa. Na miguu ya rafu itumbukizwe kwenye makopo ya maji ya sabuni. Sisimizi hawajasoma kijitabu, lakini wanajua sukari iko wapi.

Kila kundi liache chupa moja bila kupanda kitu. Kisanduku hakisemi hivyo, na hili ndilo pungufu lake kubwa kimafunzo, kwa kuwa chupa zitaharibika. Kupoteza nusu kwa mara ya kwanza si aibu. Swali ni kwa nini, na chupa zenyewe hujibu. Ute wa maziwa unaozunguka shina la kipande ndani ya siku tatu ni bakteria waliotoka na mmea wenyewe: blichi ilikuwa dhaifu. Kidoa cha manyoya juu ya agari, mbali na kipande, siku ya tano au ya saba, ni mbegu ya ukungu iliyoanguka kutoka hewani au mkononi: boksi au mwendo wa mikono. Chupa tupu ikichafuka, sufuria haikupika. Mwanafunzi anayeweza kusoma chupa tatu hizo ameelewa zaidi ya aliyepata mche mmoja kwa bahati. Zilizochafuka zisifunguliwe kunuswa. Zirudi kwenye presha dakika 30 zikiwa zimefungwa, ndipo zioshwe.

Sasa ile ahadi ya miche isiyo na magonjwa. Blichi huosha ngozi. Virusi vya michirizi ya kahawia na vya batobato, magonjwa ya muhogo, vimo ndani ya seli za shina, na kipande chenye jicho kilichokatwa kwenye mmea mgonjwa hutoa mche mgonjwa, msafi kwa nje tu. Hapa si jambo la nadharia. Kibandameno, muhogo unaopendwa pwani kwa utamu wake, ni dhaifu mno mbele ya michirizi ya kahawia, na shina lake huweza kuonekana zima huku mizizi imeoza ndani. Watafiti wanaosafisha mbegu hukata ncha ya ukuaji pekee, chini ya nusu milimita, kwa darubini, mara nyingi baada ya kuuweka mmea kwenye joto kali kwa wiki kadhaa, kisha hupima virusi kabla ya kutoa mche. Kisanduku hiki hakina darubini wala kipimo. Anayetaka mbegu safi aulize kituo cha Mtwapa cha KALRO, shirika la utafiti wa kilimo, ambako zilitoka aina kama Tajirika, Karembo na Shibe. Miche ya darasani ibaki bustani ya shule, wala isigawiwe wazazi kama mbegu.

Wanafunzi watauliza pia kama hii ndiyo GMO. Siyo. Jeni hazijaguswa, ni mmea ule ule umenakiliwa. Pamba ya Bt iliyoidhinishwa nchini Desemba 2019 imebadilishwa jeni, na ukuzaji wa tishu ulikuwa hatua mojawapo tu ya kuipata. Kijitabu kimechanganya mambo haya mawili katika aya moja, na mwalimu atalazimika kuyatenganisha.

Kutoa miche nje ndipo mingi hufa, na kisanduku kimeupa ukurasa nusu. Majani yaliyokulia chupani hayana nta ya kutosha na matundu yake ya hewa hayajui kufunga. Osha agari yote kwenye mizizi kwa maji ya uvuguvugu, kwani sukari iliyobaki huita ukungu. Panda kwenye mchanga uliopikwa ukichanganywa na makumbi ya nazi yaliyosagwa. Makumbi yaliyolowekwa baharini kwa ajili ya kamba yana chumvi. Yaloweke maji matamu na kuyamwaga, mara tatu au nne. Funika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, kivulini. Siku ya nne fungua kizibo, siku ya saba inua kidogo, siku ya kumi na nne ondoa.

Bahasha ya DNA ni ya kawaida. Inataka stroberi, ambazo seli zake zina seti nane za kromosomu; ndizi mbivu yenye seti tatu hufanya kazi vizuri tu. Ponda na maji mililita 100, sabuni ya vyombo mililita 10 na kijiko cha chai cha chumvi, chuja, mimina polepole spiriti iliyolala friza. Nyuzi nyeupe hupanda baada ya dakika chache. Kijitabu kinaziita DNA tupu, lakini kwenye matunda sehemu nzuri yake ni pektini.

Ukiagiza, muulize muuzaji kama ana MS katika paketi mbili za nusu lita badala ya moja ya lita, uangalie tarehe ya vichupa vya homoni, na uviweke kwenye friji siku vinapofika. Karatasi za pH mwambie abaki nazo.